Jibu la mpishi: wageni sita, majiko mawili na shilingi 30,000

Swali la msomaji kutoka Dar es Salaam: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia jijini mwaka huu na ninaishi katika chumba na sebule. Jumamosi ijayo rafiki zangu sita niliosoma nao chuo watakuja kula chakula cha usiku kwangu, na mmoja wao hali nyama nyekundu. Nina shilingi 30,000, mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko moja juu yake, na jiko la mkaa. Friji sina. Nilifikiria pilau na chapati, lakini mara ya mwisho nilipopika wali wa watu wengi ulitoka bokoboko. Nipike nini kilicho rahisi na cha bei nafuu ambacho hakitaniaibisha?"

Dada mpendwa,

Umefanya vyema kutaja majiko yako pamoja na fedha ulizo nazo. Wengi wanaoniuliza kuhusu chakula cha wageni hutaja fedha peke yake, ilhali katika miaka yote niliyopika na kufundisha upishi nimeona shughuli ndogo nyingi zikiharibika kwa kukosa moto na nafasi kuliko kwa kukosa fedha. Wewe una moto wa aina mbili, mmoja wa gesi na mmoja wa mkaa, na rafiki zako watakuja wakitarajia kuzungumza nawe, si kukutazama mgongo ukiwa umeinamia sufuria. Chakula kinachokufaa ni kile ambacho kazi yake kubwa imekwisha kabla hawajabisha hodi, ambacho kikingoja saa moja hakiharibiki, na ambacho utamu wake hautegemei wingi wa nyama. Ushauri wangu ni wali wa nazi kwa maharage ya nazi, na pembeni dagaa wa Kigoma wa kukaanga pamoja na kachumbari.

Huenda umekunja uso uliposoma neno maharage. Wengi wetu tuliyala bwenini yakielea katika maji ya chumvi, tukaondoka shuleni na imani kwamba ni chakula cha shida, kisichofaa kuwekwa mbele ya mgeni. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu kilichoiva vizuri na kumaliziwa kwa tui zito ni chakula kingine kabisa, na watu wa pwani huwapakulia wageni bila kuomba radhi. Tena yanamfaa yule rafiki yako asiyekula nyama nyekundu, ambaye hatalazimika kupikiwa chake kando kama mgonjwa.

Pilau ninakushauri uiache kwa siku nyingine. Kwa bei ya mabucha ya jijini, kilo moja ya nyama ya ng'ombe itakula karibu theluthi ya fedha zako kabla hujanunua mchele, na kilo moja ikigawanywa kwa watu saba, mifupa ikiwamo, huonekana kwenye sinia kama imepotea njia. Isitoshe, pilau haina subira: supu ikizidi kidogo inalowa, ikipungua inabaki na kiini, na mpishi asiye na uzoefu hujua hayo wakati wageni wameshanawa mikono. Nilipoanza kazi hii niliwahi kuwapikia pilau wageni tisa katika sufuria iliyokuwa ndogo kwa mchele wenyewe. Chini uliungua, juu ulikuwa mbichi, na nilichopakua kilikuwa ule wa katikati tu, ambao haukuwatosha hata watu watano. Kuhusu chapati, fanya hesabu: watu saba kwa chapati tatu tatu ni chapati 21, na kila moja ikichukua dakika tatu juu ya chuma, utasimama zaidi ya saa nzima mbele ya jiko lako la pekee la gesi, ukiacha muda wa kukanda na kusukuma.

Sasa tuingie sokoni. Nunua kilo moja ya mchele, robo tatu ya kilo ya maharage, nazi nne, na robo kilo ya dagaa wa Kigoma. Mchele, maharage na nazi, ambavyo ndivyo vitakavyowashibisha watu, vitachukua takriban theluthi moja ya fedha zako au zaidi kidogo, na kinachobaki kitatosha dagaa, vitunguu, nyanya, ndimu, mafuta, ukwaju, sukari, tikiti maji na mkaa. Kwa mchele tafuta wa Kyela au mwingine wenye harufu, na umuulize muuzaji kama ni wa msimu huu au ni wa zamani, kwa kuwa mchele mpya hutaka maji machache na ukipikwa kwa kipimo cha mchele mkavu wa zamani hugeuka uji. Nadhani hapo ndipo wali wako wa mara ya mwisho ulipoharibikia, ingawa ukubwa wa sufuria nao huchangia. Kwa maharage, chagua ya njano, ambayo huiva upesi na kutoa rojo zito, na uyamimine kiganjani kabla ya kulipa: yaliyobunguliwa huwa na vitobo vidogo, na yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu huwa yamejikunja ngozi, nayo yatakumalizia mkaa bila kulainika.

Nazi ndiyo itakayoamua chakula hiki kitakuwaje, kwa hiyo usiinunue kwa haraka. Unataka nazi iliyokomaa, si koroma, kwa sababu koroma hutoa tui la majimaji lisilo na mafuta. Ishike mkononi: nazi nzuri ni nzito kuliko inavyoonekana, ukiitikisa unasikia maji yakicheza ndani, na macho yake matatu ni makavu yasiyo na ukungu. Isiyolia maji mara nyingi imepasuka na imeanza kuoza. Ukiivunja, kinga maji yake kwenye kikombe na uyanuse. Yakiwa na harufu ya kuchacha, iweke kando hata kama nyama yake ni nyeupe. Vunja kila nazi peke yake na uonje kipande kabla ya kuichanganya na nyingine, kwa kuwa nazi moja mbovu huharibu tui la zote nne na hakuna kiungo cha kuificha. Kama huna mbuzi ya kukunia, wauzaji wengi wa sokoni wana mashine na watakukunia ukiwa umesimama pale. Kuna watu watakaokuambia ununue tui la kopo. Linafaa, na mimi hulitumia nikiwa na haraka, lakini kwa kiasi unachohitaji litakugharimu zaidi, na harufu yake haifikii ya nazi iliyokunwa mchana huohuo.

Usiku wa Ijumaa chagua maharage, yaoshe, uyaloweke katika maji mengi yenye kijiko cha chumvi. Wapo wanaoamini kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu. Ukweli ni kwamba chumvi ya kulowekea husaidia kulainisha ngozi zake, na kinachoyafanya magumu ni uchachu, yaani nyanya na ndimu zikiingia kabla hayajaiva. Jumamosi mwaga maji hayo, weka mapya, na uyabandike kwenye jiko la mkaa kati ya saa saba na saa nane mchana. Yaache yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovuruga tumbo vibaya, na sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli, si na joto dogo la muda mrefu. Usitie magadi. Huharakisha kazi, ni kweli, lakini huacha ladha ya sabuni na kupunguza vitamini, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayayahitaji.

Yakishaiva, hadi punje inabonyea kati ya kidole gumba na cha shahada bila ubishi, yaweke kando pamoja na rojo lake. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu maji viwili vikubwa kwa mafuta ya kutosha, na hapa nakuomba uwe na subira. Wapishi wengi wa nyumbani huvitoa vitunguu vikiwa vimelegea tu na bado vyeupe, kisha wanashangaa kwa nini mchuzi hauna ladha. Viache mpaka vianze kuwa na rangi ya dhahabu na harufu yake iwe tamu badala ya kali, jambo litakalochukua dakika 10 hivi kwa moto wa wastani. Hapo ndipo unaweka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, nusu kijiko cha binzari ya manjano, kisha nyanya nne zilizokatwa vidogo, na unakoroga mpaka nyanya zivunjike kabisa na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mimina maharage na rojo lake, ponda ponda machache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito, na uache vichemke pamoja kwa robo saa. Usitie tui bado.

Sababu ya kuchelewesha tui ni kwamba huna friji. Katika joto la Dar es Salaam mchuzi wa nazi huchacha upesi mno, na chakula ulichokimaliza saa nane mchana kinaweza kuwa kimeanza kutoa povu na harufu kabla ya saa mbili usiku. Kwa hiyo maharage yaliyoungwa yaache kwenye jiko la mkaa yakiwa ya moto, mkaa ukiwa mchache na umefunikwa majivu, na tui la nazi mbili uliingize wageni wakiwa njiani. Unatanguliza tui jepesi, unakoroga bila kuacha mpaka lichemke, kisha unamalizia na tui zito la kwanza, lile ambalo watu wa pwani huliita kasimile, kwa moto mdogo na bila kufunika. Tui likiachwa lichemke kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Kabla ya kuepua, weka pilipili mbuzi moja nzima yenye kikonyo chake, ielee juu kwa dakika tano. Ikitolewa haijapasuka huacha harufu tu. Ikipasuka, rafiki zako watakunywa maji yote uliyo nayo.

Wali uuanze saa 12 jioni kwenye gesi. Kilo moja ya mchele ni kama vikombe vitano vya robo lita, na ukiiva hufikia karibu mara tatu ya ujazo wake, kwa hiyo sufuria isipungue lita tano. Kama huna, azima kwa jirani na umpelekee sahani ya chakula. Osha mchele mpaka maji yaache kuwa meupe kama maziwa, uloweke kwa nusu saa, kisha uuchuje vizuri kwenye chujio, kwa sababu maji yanayobaki kwenye mchele nayo yanahesabika hata kama hukuyapima. Kutoka nazi mbili zilizobaki kamua vikombe viwili vya kasimile kwa maji ya uvuguvugu, uviweke kando, kisha rudia kuikamua chicha mpaka upate vikombe vitano vya tui jepesi. Jumla ni vikombe saba vya tui kwa vitano vya mchele. Kama muuzaji amekuambia mchele ni mpya, punguza kikombe kimoja kutoka kwenye tui jepesi na uweke maji ya moto karibu, kwa maana kiini kinaweza kurekebishwa lakini bokoboko haina dawa.

Chemsha tui jepesi pamoja na vijiko vidogo viwili vya chumvi, ukikoroga, kisha mimina mchele, koroga mara moja ili usishikane chini, na uache sufuria wazi. Simama hapo. Utaona tui likishuka mpaka lilingane na mchele, halafu vitaanza kutokea vishimo vidogo juu, kila kimoja kikitoa povu. Hiyo ndiyo ishara yako: mimina kasimile juu yote, geuza mara moja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, sawazisha, na ufunike. Kuanzia hapo mwiko hauingii tena, kwa kuwa kila unapokoroga wali unaokaribia kuiva unavunja punje na kuzifanya zinate. Punguza moto wa gesi hadi mwisho, weka chuma cha chapati juu ya jiko na sufuria juu ya chuma hicho, ili joto lisambae badala ya kuchoma mahali pamoja katikati. Kama mfuniko haukazi, tandaza jani la mgomba lililooshwa juu ya wali kabla ya kufunika. Wengi hutumia mfuko wa plastiki, nami siukubali kwa chakula cha moto. Baada ya dakika 20 chukua punje moja kutoka katikati na uisage kati ya vidole. Ikiacha kitu kigumu ndani, nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, funika, na uipe dakika tano nyingine.

Ukipenda kupalia makaa juu ya mfuniko kama walivyofanya mama zetu, wali utakuwa mtamu zaidi, lakini fanya hivyo nje. Jiko la mkaa lisiingie chumbani wala sebuleni hata kama mvua inanyesha na mlango uko wazi, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa wamekaa wanazungumza.

Wali ukiiva saa 12 na dakika 45, ifunge sufuria kwa khanga mbili, juu yake blanketi, na uiweke pembeni mwa chumba. Utaufungua saa moja baadaye bado unatoa mvuke. Usiuache upoe kisha ukae kwa saa nyingi, kwa kuwa wali uliopoa taratibu una vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata ukiupasha tena.

Dagaa ni kazi ya dakika 20, nawe uifanye mapema alasiri kabla gesi haijachukuliwa na wali. Nimesema wa Kigoma kwa makusudi, ingawa wana bei zaidi ya wale wa Mwanza, kwa sababu dagaa wanaoanikwa chini badala ya kwenye chanja mara nyingi huja na mchanga, na mchanga mmoja tu kwenye jino la mgeni huharibu sifa ya chakula chote. Ondoa vichwa, wakaange makavu bila mafuta mpaka wanukie, waoshe upesi kwa maji ya moto, wakaushe, kisha wakaange kwa mafuta, kitunguu na nyanya moja, na uwakamulie ndimu mwishoni. Robo kilo itatoa bakuli moja la kutosha kila mtu kuchota vijiko viwili vitatu, na hiyo ndiyo kazi yake: kutia chumvi na kitu cha kutafuna kando ya wali na maharage vilivyo laini.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, ama sivyo italala. Vitunguu vilivyokatwa visugue kwa chumvi na uvisuuze ili vipungue ukali, changanya na nyanya na tango, ndimu juu. Kwa kinywaji, loweka robo kilo ya ukwaju asubuhi katika maji yaliyochemshwa, ukamue, uchuje, tia sukari na kipande cha tangawizi kilichotwangwa. Rafiki zako wakikupigia simu kukuuliza waje na nini, usiwaambie waje mikono mitupu kwa unyenyekevu. Waambie walete barafu.

Kuhusu vyombo, usihangaike kutafuta sahani saba zinazofanana. Tandika mkeka, pakua katika masinia mawili, wali katikati na maharage kwenye mabakuli, wanawishe mikono, na wale pamoja kama mlivyokuwa mkila chuoni. Anayetaka sahani na kijiko mpe.

Kitakachobaki usikiache kwenye sufuria mpaka asubuhi. Maharage ya nazi yaliyosalia yagawe usiku huohuo, wageni waondoke nayo au umpe jirani aliyekuazima sufuria, kwa maana bila friji hayataamka salama. Na kabla ya kumwagia maji ukoko uliobaki chini ya sufuria ya wali, uliza kwanza sebuleni. Ukoko wa wali wa nazi uliokauka rangi ya kahawia bila kuungua una wenyewe, na nina hakika kati ya hao sita yupo mmoja aliyekuwa akiugombania utotoni.